Muulize Mwalimu: Tangi la lita 6,000 lililoshika 3,600

Kabla sijafungua barua za mwezi huu nina deni la kulipa. Toleo lililopita nilimjibu msomaji wa Tabora aliyetaka kujua paa lake litamvunia maji kiasi gani. Nikamwambia apime mabati: mteremko mmoja mita 4.6, wa pili vivyo hivyo, urefu wa nyumba mita 10, jumla mita za mraba 92. Akatokea mwanafunzi wa kidato cha pili, wa hukohuko Tabora, akaniandikia mistari mitatu tu: "Shikamoo Mwalimu. Mvua inashuka kutoka juu, haijui kama bati limelala au limeinuka. Si tungepima ardhi iliyofunikwa na paa?"

Marahaba mwanangu, umeniweza. Ardhi iliyofunikwa na paa lile ni mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo mvua ya milimita 30 inaleta lita 2,400, si 2,760 nilizoandika mimi. Toa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka nje ya mfereji na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, zinabaki kama 1,920. Mwenye nyumba, kama ulishaenda dukani kutafuta tangi kwa hesabu yangu, niwie radhi. Tuendelee.

Kisima cha chini, Mbagala

Shikamoo Mwalimu. Nyumbani nina kisima cha chini. Fundi aliyejenga alipima futi 8 kwa 8, kina futi 6, akasema kinachukua lita elfu kumi na ushei. Maji ya bomba yakikatika naita boza la lita 10,000. Kila mara kisima kinafurika, dereva anasema bado ana maji kwenye gari ila hela ni ileile. Nani ananidanganya, fundi au dereva? – Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam

Marahaba mama. Inawezekana hakuna anayekudanganya kwa makusudi. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilijidanganya mwenyewe miaka mitatu, bila msaada wa fundi wala dereva.

Nilijenga kisima changu hapa Kihonda, Morogoro, nikiwa bado kazini. Shimo lilipokwisha kuchimbwa nikashuka na tepu yangu, mbele ya fundi na vibarua wake, nikatangaza kwa sauti ya darasani: mita 2 kwa 2, kina 1.5, ni mita 6 za ujazo, lita 6,000. Kila maji yakikatika naita boza la lita 5,000, kwa akili kwamba litaingia lote na nafasi ya lita elfu nzima itabaki. Dereva anamwaga, anachungulia, ananiambia, "Imejaa Mwalimu," ananyanyua mpira wake na kuondoka. Nikawa namsifu kwa uaminifu! Mpaka siku mke wangu aliponiuliza, kwa upole ule unaouma, mbona lita 6,000 zinakwisha kabla ya wiki wakati tuko wanne ndani ya nyumba, na kufua tunafua Jumamosi tu.

Nikashuka tena na tepu, safari hii ndani ya kisima kilichokwisha jengwa. Ukuta wa tofali la inchi 6 pamoja na plasta ulikuwa umekula sentimita 17 kila upande. Mita 2 zikawa 1.66. Sakafu ya zege ilikula sentimita 10 za kina, na bomba la kumwaga ziada lilitobolewa sentimita 10 chini ya ukingo, kwa hiyo maji hayapandi zaidi ya mita 1.30. Piga mwenyewe: 1.66 mara 1.66 mara 1.30. Ni lita 3,600 pungufu kidogo. Na pampu inanyonya kuanzia sentimita 15 juu ya sakafu, hivyo lita 400 na kitu za chini ni za mapambo. Nilikuwa mwalimu wa hisabati darasa la saba, ndugu zangu. Nimewachapia watoto alama nyekundu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Sasa chako. Fundi wako kapima nje. Futi 8 kwa 8 kwa 6 ni futi za ujazo 384, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo kwa hesabu yake ni lita 10,867. Hakukosea kuzidisha, amekosea mahali pa kuweka tepu. Ukitoa inchi 7 za ukuta na plasta kila upande, ndani kunabaki futi 6 na inchi 10. Kina ukitoa sakafu, mfuniko wa zege na tundu la ziada, tuseme futi 5 za maji. Hapo unapata lita 6,600 hivi. Boza la 10,000 haliwezi kuingia hata dereva akiwa malaika. Agiza la 5,000, au ushirikiane na jirani.

Usinichukulie neno langu, pima mwenyewe ndani. Fungua mfuniko, teremsha ufito mkavu ulionyooka mpaka uguse sakafu, tia alama ya chaki usawa wa tundu la ziada. Kisha kuna jambo la pili ambalo litakusaidia kuliko yote niliyosema. Kitako cha kisima chako, kwa vipimo hivyo, ni mita za mraba 4.34. Maana yake kila sentimita moja maji yanapopanda, zimeingia lita 43. Boza la lita 5,000 halali linapaswa kupandisha maji sentimita 115. Pima ufito kabla dereva hajafungua koki, pima tena akimaliza. Usimwambie unapima kwa nini. Mwachie aone ufito tu, utashangaa adabu itakavyorudi barabarani.

Tangi la mtumba, Dodoma

Mwalimu habari za kazi. Nimepata tangi la plastiki la mviringo, la kununua kwa mtu. Maandishi yamefutika kwa jua. Muuzaji anasema ni la lita 3,000. Siwezi kuingia ndani kupima. Nataka kulipandisha juu ya mnara wa mbao. Nitajuaje ukweli? – Kijana, Dodoma

Nzuri, kijana. Usiingie. Tafuta kamba isiyovutika, ya katani au hata waya wa umeme, zungusha tangi katikati ya kimo chake, kisha nyoosha ile kamba chini upime. Huo ni mzingo. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa kimo cha maji, zidisha kwa 80. Vipimo vikiwa kwa mita, jibu linatoka kwa lita.

Ile 80 inatoka wapi? Darasani tulisema ujazo wa mche duara ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo mara kimo. Lakini nani amewahi kuliona tangi likionyesha nusukipenyo chake? Katikati yake iko ndani, na huko umekatazwa kuingia. Mzingo uko nje, unashikika. Ukigeuza kanuni ile itumie mzingo, unagawa kwa mara nne ya pai, yaani 12.57, na 1,000 ukigawa kwa 12.57 unapata 79.6. Mimi naita 80. Kosa lake ni lita 5 katika kila 1,000, kidogo kuliko unachomwaga ukikung'uta ndoo. (Wanaoniandikia kila mwezi kwamba 22 juu ya 7 si pai kamili, najua. Archimedes mwenyewe alisema pai iko chini kidogo ya tatu na moja ya saba. Kwa tangi la maji inatosha na kubaki.)

Umeniandikia kwenye ujumbe wako wa pili kwamba mzingo ni mita 4.5 na kutoka kitako hadi tundu la kuingizia maji ni mita 1.4. Basi 4.5 mara 4.5 ni 20.25, mara 1.4 ni 28.35, mara 80 ni lita 2,268. Punguza kidogo kwa sababu kamba yako imekaa juu ya mikunjo ya plastiki na maji yako ndani ya mikunjo. Sema 2,200. Mabega ya juu yanaweza kuongeza ndoo kadhaa kama ungelijaza hadi mfuniko, lakini 3,000 haipo humo. Rudi kwa muuzaji na kamba mkononi, akupunguzie bei.

Kuhusu mnara wa mbao, hapo naomba ukae kwanza. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi hilo likijaa ni tani mbili na robo zimesimama juu ya miguu minne, na upepo wa Dodoma unaufahamu. Mtajie fundi uzito kwa tani, usimtajie kwa lita. Neno "lita" halijawahi kumtisha fundi yeyote. Kitako cha tangi nacho kikae juu ya ubao uliofunika kote, wa usawa, siyo juu ya mbao mbili zenye nafasi katikati. Hiyo pimamaji ya fundi uashi itumike hapo.

Dawa ya samaki, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Nina tangi la kioo la samaki wa mapambo, la futi tatu. Walipata madoadoa meupe, nikanunua dawa ya chupa kutoka nje. Imeandikwa kifuniko kimoja kwa galoni 10. Nikapiga hesabu ya tangi nikapata lita 159, nikagawa, nikaweka vifuniko vinne na robo. Asubuhi goldfish wanne kati ya sita walikuwa wameelea. Hesabu yangu ilikosea wapi? – Binti wa chuo, Arusha

Marahaba binti, na pole. Kuzidisha kwako ni sahihi. Inchi 36 kwa 15 kwa 18 ni sentimita 91.4 kwa 38.1 kwa 45.7, na hizo ni lita 159. Ila hizo ni lita za kioo pamoja na hewa pamoja na changarawe. Samaki hawaishi humo mote.

Tupunguze pamoja, kwa vile picha uliyotuma inaonyesha karibu kila kitu. Kioo ni cha milimita 6, pande mbili ni milimita 12, hivyo ndani ni sentimita 90.2 kwa 36.9. Maji hayafiki ukingoni, mstari wake uko sentimita 40 kutoka kitako. Changarawe imekula sentimita 5 za chini. Maji matupu yana kina cha 35: unapata lita 116. Ongeza maji yaliyojificha katikati ya changarawe, maana mawe madogo yakirundikana huacha nafasi ya karibu asilimia 40. Hizo ni lita kama 7. Toa lile jiwe kubwa na mtungi wa mapambo, lita 4 hivi. Tunafika 119. Andika 120.

Galoni umeigawa sawasawa, hilo nakupongeza, maana wengi huangukia hapo. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na chupa nyingi za dawa za samaki hazisemi ni ipi. Itafute nchi ilikotengenezwa. Wazee wetu walizoea ya Kiingereza bila kujua: lile debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni nne, ndiyo maana debe ni lita 18 na siyo 20 kama ndoo ya leo. Kwa galoni ya Marekani, lita 120 ni galoni 32. Ulitakiwa kuweka vifuniko vitatu na tone. Wewe uliweka vinne na robo, zaidi ya theluthi moja juu. Samaki mzima angeweza kuvumilia. Samaki aliyekwisha kushambuliwa hadi mashavuni, anayepumua kwa shida, hana nafasi ya kukosewa kwa theluthi, hasa kama mashine ya hewa ilizimwa usiku. Safari nyingine iache iwake, na dozi uigawe mara mbili kama maelekezo ya chupa yanaruhusu.

Dawa ya kosa hili ni ndoo. Siku utakayobadilisha maji yote, jaza kwa chupa ya lita moja na nusu au ndoo yenye alama, ukihesabu, changarawe na mapambo vikiwa tayari ndani. Ukifika kwenye mstari wako wa kawaida bandika utepe kwenye kioo, uandike: lita 120. Weka utepe mwingine robo ya maji inapokuwa imetoka, ili ukibadilisha maji kila wiki ujue ni lita 30 unazorudisha. Maji ya bomba yalale wazi usiku mzima klorini ipungue kabla hujayatia. Na tangi hilo, likiwa na maji, kioo na mawe, halipungui kilo 150. Kwenye picha naliona juu ya meza ya televisheni ambayo tayari imeanza kutabasamu katikati. Lihamishe leo.

Bwawa la sato, Mvomero

Mwalimu, sisi ni kikundi cha akina mama. Tumechimba bwawa mita 20 kwa 15, kina mita 1. Mtaalamu mmoja wa mtaani anasema ni mita za ujazo 300. Tunataka kujua vifaranga wangapi wataenea na mfereji wetu utajaza bwawa kwa muda gani. Mfereji unajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 8. – Kikundi cha Mvomero

Hongereni sana, na hongereni zaidi kwa kupima mfereji kwa ndoo na saa. Nimekutana na wahandisi wasiofanya hivyo.

Bwawa la udongo halina kuta zilizosimama, zingesimama zingeporomoka. Mmeniambia kila mita moja ya kushuka, ukuta unaingia ndani mita mbili. Basi juu ni 20 kwa 15, eneo 300. Chini ni 16 kwa 11, eneo 176. Katikati ya kina ni 18 kwa 13, eneo 234. Kanuni ya watu wa udongo ni hii: eneo la juu, jumlisha mara nne ya eneo la katikati, jumlisha eneo la chini, gawa kwa 6, zidisha kwa kina. Yaani 300 na 936 na 176 ni 1,412. Gawa kwa 6, mita za ujazo 235. Mtaalamu wa mtaani kawaongezea 65 za hewani. Akina mama wanaotaka njia ya mkato wachukue wastani wa juu na chini: watapata 238, si mbaya hata kidogo.

Mfereji: lita 20 kwa sekunde 8 ni lita 2.5 kwa sekunde, lita 9,000 kwa saa, mita 9 za ujazo. Mita 235 zitachukua saa 26. Wekeni siku moja na nusu hadi mbili, kwa kuwa udongo mpya nao una kiu yake.

Vifaranga sasa. Hapa ujazo wekeni pembeni kabisa. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa linapata oksijeni kwa mimea midogo ya kijani inayopigwa na jua, na kwa upepo unaogusa uso wa maji. Kwa hiyo sato huhesabiwa kwa mita za mraba za uso wa bwawa, watatu hadi watano kwa kila mita. Uso wenu ni 300. Anzeni na 900, msianze na 1,500, mkijifunza kulisha mtaongeza. Kituo cha ufugaji samaki cha Kingolwira hakiko mbali nanyi, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wako hapa Morogoro mjini; waulizeni wote wawili kuhusu mbegu. Mtu akiwaambia wawili hao wamepitana kidogo katika idadi, msishangae, wao wanafikiria chakula mtakachotoa.

Pipa lililolazwa, Moshi

Mwalimu, nina pipa la lita 200 nimelilaza juu ya kitoroli kwa ajili ya kumwagilia migomba. Nikipima kwa kijiti nikaona maji yamefika robo ya kimo nahesabu lita 50, lakini kila mara yanapungua. Linavuja? – Mkulima, Moshi

Halivuji. Pipa lililolala ni jembamba chini na pana katikati. Robo ya kimo ni lita 39 tu. Moja ya kumi ya kimo ni lita 10. Nusu ndiyo nusu, 100. Robo tatu ni 161. Chonga alama hizo nne kwenye kijiti chako, au ulisimamishe pipa, kijiti kiwe rula ya kawaida. Migomba nayo inapenda samadi kuliko hesabu, nisalimie Kilimanjaro.

Jabia la zamani, Lamu

Mwalimu, shikamoo. Kisiwani kwetu kuna jabia la wazee, la kukingia mvua. Sakafu ya juu inayopokea maji ingali nzima. Ndani ni mita 6 kwa 3, juu yake kuna kuba, na ukutani alama ya maji inaonekana wazi. Tumeteremsha jiwe kwa kamba kutoka usawa wa alama, tumepata mita 1.8. Wazee wanasema lilikuwa likiwatosha watu wa nyumba za karibu kutoka mvua hadi mvua. Twataka kulisafisha, na kamati yataka kujua lachukua maji kiasi gani. – Msomaji wa kisiwa cha Pate

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka yote nafundisha ujazo kwa tangi la plastiki, na kumbe pwani wako watu waliojenga hesabu yote hii kwa mawe na chokaa.

Kuba liache, ni paa tu. Mmefanya vyema kuanzia kwenye alama, maana ndiko maji yalikokuwa yakifika. Tatizo liko upande wa pili wa kamba. Jiwe lenu limesimama juu ya tope, halijagusa sakafu. Nawaombeni vipimo viwili. Cha kwanza, fungeni sahani pana mwishoni mwa ufito, iteremke taratibu mpaka ikatae: hapo ni juu ya tope. Cha pili, chukueni boriti nyembamba iliyochongwa ncha, sukumeni mpaka isikike ikigonga chokaa. Tofauti yake ni unene wa tope. Pimeni mahali pasipopungua sita, kwa sababu tope hurundikana zaidi pale maji yanapoingilia, na mchukue wastani. Hayo yote fanyeni mkiwa juu. Mtu asishuke ndani peke yake, wala kabla mifuniko haijakaa wazi kwa muda mrefu na taa kuteremshwa. Hewa ya ndani ya tangi lililofungwa miaka mingi inaweza kumwangusha mtu bila kumpa nafasi ya kuita.

Kitako cha jabia lenu ni mita za mraba 18, hivyo kila sentimita moja ni lita 180. Tuseme boriti ikigusa chokaa kwenye mita 2 kamili. Jabia zima litakuwa lita 36,000. Wazee hawakutia chumvi: watu 30 wakichota nusu ndoo kila mmoja kwa siku, hiyo ni miezi minne.

Na zile sentimita 20 za tope, kama ndizo, ni lita 3,600. Kisima changu chote cha Kihonda kimelala chini ya jabia lenu kikiwa matope. Mkishasukuma boriti niandikie ilizama kiasi gani, nami nitachapa vipimo vyenu toleo lijalo.